Kapu la Samaki Wafupi

Wapendwa, mchungaji amenipa nafasi ya mfano, na mimi nimeuandika ili nisiongeze chumvi. Ni mfano tu. Kijiji ninachokisema kiko mbali, ng'ambo kule, ambako nyinyi hamna ndugu wala shemeji. Kwa hiyo nisione mtu anamgusa mwenzake kiwiko.

Kulikuwa na mwenye mtumbwi mmoja, mzee wa kanisa, mcha Mungu. Sisemi kwa kejeli, alikuwa mcha Mungu kweli. Mtumbwi wake haukuingia majini kabla hajavua kofia na kuomba, na vijana wake walisimama kwenye maji ya magoti wakitetemeka mpaka aseme amina. Na maombi yake hayakuwa mafupi. Aliwaombea walio safarini, akawaombea waliolazwa, akawaombea viongozi wote kwa vyeo vyao, huku samaki wanamngoja.

Kwenye mwalo ule, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, kama kwenye mialo yote niijuayo, kulikuwa na desturi ya zamani. Mtumbwi ukirudi mzito, kila aliye karibu anaweka mkono uvutwe hadi mchangani. Ukishaweka mkono, hata kama ni wa kugusa tu, huondoki mikono mitupu. Bibi kizee anaweka vidole viwili, anapiga kelele kuliko vijana wote, "Haya vuta! Haya vuta!" na anapewa sato. Na kitoweo kile kilitoka juu. Mwenye mtumbwi aliinama, akamchukua aliyelala juu ya wenzake, mnene, kabla mizani haijaletwa. Hakuna aliyeita sadaka. Kiliitwa kitoweo, basi.

Kisha ikaja sheria. Samaki walikuwa wanapungua ziwani, kila mtu aliona, na kila mtu alisema ni kosa la kijiji cha jirani. Akaja Bwana Samaki, yaani yule afisa wa uvuvi, akapigilia ubao kwenye nguzo ya banda la mizani na kuuchora mstari mwekundu.

"Samaki asiyefika mstari huu," akasema, "hajataga hata mara moja. Ukimla huyu umemla na watoto wake na wajukuu wake, ambao wangekuwa kitoweo cha wajukuu wako. Asivuliwe, asiuzwe. Na nyavu za macho madogo ni marufuku."

Akanywa soda yake, akaondoka. Watu wakabaki wanaulizana. Na wafupi wakiingia wavuni kwa bahati mbaya je? Wameshakufa. Tuwatupe?

Ndipo yule mcha Mungu akapata ufunuo. Hizi funuo, wapendwa, tuwe nazo macho, hasa zile zinazomjia mtu wakati anatafuta pa kutokea.

"Ndugu zangu," akasema, "kutupa chakula ni dhambi. Kuuza wafupi ni kosa kwa serikali. Basi tuwape wajane."

Nani atapinga neno kama hilo? Utasimama mbele za watu useme wajane wasipewe? Wakapiga makofi. Kapu likatundikwa chini ya mizani, likaitwa kapu la wajane. Samaki akipimwa akafika mstari, mizani. Asipofika, kapuni.

Sasa nyinyi wenye akili niwaulize. Samaki mfupi akishapata pa kwenda, mvuvi atauogopa tena wavu wake? Aogope nini? Wavu wa macho makubwa ulipochanika, alitafuta wa macho madogo kidogo. Ulipochanika huo, madogo zaidi. Mwishowe ule wavu ulikuwa kama chandarua, mbu mwenyewe angepita kwa kubana tumbo. Ulileta wote pamoja: warefu wa mizani, na wafupi wa Mungu. Kapu la mwaka wa kwanza lilikuwa la kubebea mayai. La mwaka wa pili lilikuwa la kubebea viazi. La mwaka wa tatu ilibidi watu wawili wamtwike mbebaji. Na kanisani, la kule nasema, si hili, likatangazwa kwamba sadaka ya mwaloni imeongezeka sana, tumshangilie Bwana. Akina mama wakapiga vigelegele. Ziwa linazikwa, wao wanapiga vigelegele.

Na kile kitoweo cha juu? Kilikufa kimyakimya, hakikufanyiwa hata matanga. Mjane akiweka mkono kwenye mtumbwi aliambiwa, "Mama, la kwenu lile pale," na kidole kinaonyesha kapu.

Mke wa yule bwana, haya ni ya jikoni na nimeambiwa na aliyeambiwa, hakuwahi kukaanga samaki mfupi. Siku moja mtoto wa dada yake alimletea watatu kutoka kapuni. Akamwambia, "Rudisha, mwanangu. Hao ni wa wajane. Sisi watatuumiza tumbo."

Wajane walikuwa kumi na wawili. Aliyeaminiwa kubeba kapu na kuligawa alikuwa mmoja wao, mama mnyoofu, analea wajukuu wawili wa kike walioachwa na binti yake. Kila asubuhi alitandika jamvi uani kwake, akapanga mafungu kumi na mawili, na fungu lake alilichukua mwisho. Mimi sijaona mtu mwingine duniani anayegawa chakula halafu akabakiwa na kidogo kuliko wote.

Siku moja alimuuliza yule bwana.

"Baba," akasema, alimwita baba ingawa angeweza kumzaa, "hawa mbona wachanga? Huyu macho yake ni makubwa kuliko tumbo."

"Mama, chakula cha Mungu hakipimwi kwa ubao."

"Haya, baba. Ahsante sana."

"Hapana, hapana. Usinishukuru mimi. Jina langu hata usilitaje. Mshukuru Mungu, yeye ndiye anayewapa."

Waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa kuustaajabia unyenyekevu ule. Lakini mtu akikukataza kulitaja jina lake penye kapu, mpendwa, usiharakishe kutikisa kichwa. Jiulize kwanza anaogopa lisikike wapi.

Alhamisi moja akaja Bwana Samaki mpya, kijana, na askari wawili. Yule wa zamani alikuwa akija kwa boti, wakaisikia injini toka mbali, na akifika anakuta watu wanaimba. Huyu alikuja kwa barabara ya juu, na pikipiki zao wakazizima kule kileleni wakaanza kuteremka kwa miguu. Mtu akawaona, akapiga mluzi. Mwaloni hapo, kwa muda wa kusema sala fupi, nyavu zikazama kwenye matete, wafupi waliokuwa mchangani wakafukiwa kwa nyayo, na kwenye mizani wakabaki warefu watupu. Ungeingia ungedhani malaika ndio wanaovua.

Walisahau jambo moja. Kapu lilikuwa limeshaondoka. Lilikuwa linapanda kilima kichwani kwa yule mama, na kijana wa serikali anateremka. Wakakutana katikati ya njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona jua limekuchoma hivyo? Nitue hili kapu, nikupe kitoweo."

Mnacheka. Chekeni, na mimi niliposimuliwa nilicheka. Lakini tazameni vizuri. Katika mwalo mzima ni mtu mmoja tu aliyemfunulia Bwana Samaki kapu lake kwa mkono wake mwenyewe, naye ni yule aliyeamini kweli kwamba samaki wale ni wa Mungu.

Kijana akamtua. Akatazama ndani. Akatoa futi mfukoni, akampima wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa kumi akaikunja futi, akairudisha.

"Mama, hawa umevua wewe?"

"Mimi? Maji yakinifika magotini naanza kuaga watu."

"Sasa nani amekupa?"

Mama akaona maswali haya yana wenyewe. "Twende chini, mwanangu," akasema. "Wako watakaokueleza vizuri, mimi sikusoma." Akatangulia yeye, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayempeleka mgeni kwa mwenyeji. Wale wajane kumi na mmoja waliokuwa uani kwake wakingoja mgawo waliposikia sauti za askari wakateremka nyuma yake, mabakuli mkononi.

Bwana Samaki akaliweka kapu katikati ya mwalo.

"Samaki hawa ni wa nani?"

Yule mcha Mungu alikuwa anashughulika na fundo la kamba ya mtumbwi wake. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena. Mama akamtazama. Hakumtazama kwa hasira, alikuwa anamngoja. Alijua sasa hivi ataacha ile kamba, atasogea, ataeleza habari ya kanisa na wajane na ule uamuzi wao mzuri, na kijana ataelewa.

"Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani amekupa?"

Akajibu kama alivyofundishwa. "Nimepewa na Mungu."

Kijana akaitazama mitumbwi, mmoja baada ya mwingine, kuanzia huku mpaka kule. "Wa Mungu ni upi hapa?" akasema. "Maana nataka nikaukague wavu wake."

Mwalo ukaangua kicheko. Walicheka wavuvi, walicheka wachuuzi, walicheka hadi mtu akashika nguzo ya banda. Walicheka kwa sababu roho zilikuwa zimewabana, na kicheko kilipata upenyo. Walicheka, na mama yule amesimama katikati yao na ngata ya kubebea kapu bado iko kichwani.

Haya. Tulicheka.

Nimejaribu tangu Jumanne kuandika "walicheka" na kuacha hapo hapo, nimeshindwa. Hakuna kijiji cha ng'ambo. Mwalo ni huu wetu, na ubao ule mnaupita kila siku. Na kati ya wale wajane kumi na mmoja, mmoja alipoona askari anageuka upande wake aliliweka bakuli chini, akakusanya kanga yake, akalikalia kama kigoda. Bakuli la bati, lina maua mekundu. Msihangaike kuulizana ni la nani, ni langu.

Nililikalia, wapendwa, na lilikuwa linaniumiza, na sikuinuka.

Miaka mitatu nilikula samaki wale. Nilijua ni wafupi, nina macho. Nilijua wavu uko wapi, hakuna kitu kijiji hiki nisichojua kiko wapi. Mkitaka habari ya mtu mnakuja kwangu. Siku moja tu ambayo habari yangu ingemwokoa mtu, mdomo huu, huu mnaousema kila siku, ukafungwa. Ningesema "ni wetu sote kumi na wawili," askari wangefanya nini? Wangewapakia vikongwe kumi na wawili kwenye pikipiki mbili?

Bwana Samaki akasema, "Kwa sheria anayekutwa nao ndiye mwenye nao, mpaka atokee mwingine aseme ni wake." Akangoja. Nampa haki yake yule kijana, alingoja. Akavua kofia, akajipepea. Akaangalia saa. Akaenda mpaka kwenye ubao, akaugusa mstari kwa kidole, akarudi taratibu. Alitupa muda wa kumtosha hata mwoga kuupata moyo wake alipouacha. Hakutokea mtu.

Mama akauliza swali moja tu. "Wajukuu wangu wanatoka shule saa nane. Nani atawapokea?"

Swali dogo kama hilo! Lakini kulijibu ilikuwa ni kusogea karibu naye, na kusogea ni kuulizwa. Tukatazama mchanga. Mchanga wa mwalo ule tuliutazama siku ile mpaka tukaujua. Wakampandisha kilima, wakampakia pikipiki ya kwanza, na kapu likafungwa kwenye ya pili kuwa ushahidi.

Ijumaa kwaya ikafanya mazoezi kama kawaida. Yule mcha Mungu akaomba kabla ya kushusha mtumbwi, na katika maombi yake akawakumbuka wote walio vifungoni. Aliwakumbuka kwa jumla.

Na wale watoto? Walipokelewa na yule mama muuza gongo wa njia panda. Ndiyo, yeye yule ambaye kila Jumatano tunamwombea aokoke. Aliwakuta wamekaa kizingitini na sare zao za shule, mlango umefungwa, akawachukua. Wateja wake akawaambia leo hakuna matusi humu, kuna watoto. Kumbe inawezekana. Sisi tuliookoka tulikuwa wapi? Mimi nilikuwa nyumbani, nachungulia dirishani nione nani anawachukua.

Jumamosi mama aliachiwa, wakamwonya tu kwa sababu ya umri wake. Saa kumi nikaenda kwake. Sitawadanganya, nilipeleka pole na nilikwenda kutafuta habari, vyote kwa safari moja. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Hakuinuka. Akanisogezea kisu kingine na muhogo. Nikakaa, tukamenya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na majibu nilikuwa nayo, mnanijua. Hakunitukana. Hakuniuliza kitu. Nilimenya muhogo mpaka nikaanza kumenya na nyama yake. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga kama alivyonipiga kwa ule muhogo.

Mara tukasikia, "Hodi," lakini hodi yenyewe inatoka nyuma ya nyumba, shambani. Yule mcha Mungu alikuwa amekatiza kwenye migomba asionekane. Mkononi ana sato amefungwa kwa jani, sato mwenyewe ni mkubwa, mkia unatoka huku na kichwa kule.

"Karibu, baba."

"Pole na matatizo, mama."

"Nimeshapoa."

"Nimekuletea kitoweo."

Akampokea samaki. Akalifungua jani, akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule.

"Samaki wa nani huyu?"

"Ah, mama, usinishukuru mimi, mshukuru..."

"Sijashukuru bado. Nimeuliza ni wa nani."

Mzee akanitazama mimi. Nikainamia muhogo. Nilikuwa mwaloni siku ile, sina cha kumsaidia mtu.

"Wangu," akasema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Sema vizuri, baba. Masikio yangu yamelala rumande siku mbili, yamejaa vumbi."

"Ni wangu, mama."

"Kumbe neno hilo unalo," akasema yule mama. "Mbona Alhamisi nililingoja na halikuja?"

Mzee akasimama, kofia inazunguka mikononi. Mama akamfunga samaki vizuri katika jani lake, akamrudishia mikononi.

"Mpelekee aliyewalaza watoto wangu."

"Yule wa... wa njia panda?"

"Yeye."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Nikionekana pale... Nimpeleke giza likishaingia?"

"Sasa hivi, samaki hajaharibika. Na upite barabara ya mbele, siyo migombani. Ukifika umwambie ni wa nani."

Wapendwa, akaenda. Na mimi nikamfuata kwa umbali wa heshima, kisu bado ninacho mkononi, maana kitu kama kile mtu huwezi kusimuliwa. Barabara nzima watu wamekaa vibarazani. "Mzee, samaki huyo wapi?" Akasema ametumwa. Wa pili akauliza, akasema ametumwa. Alipofika njia panda wateja walikuwa wameshaanza, na mmoja akainua glasi, akasema kwa furaha, "Mzee wetu! Umekuja kutuombea au umekuja kuonja?"

Mama muuza gongo akatoka mlangoni akijifuta mikono. Akamtazama mzee, akamtazama samaki. "Karibu, baba. Wa nani huyu?"

Mbele yake walevi sita, nyuma yake barabara.

"Ni wangu," akasema. "Na wale wa kapuni, wa Alhamisi, walikuwa wangu. Na wavu ni wangu, uko kwenye matete, ukinitaka nikuonyeshe nitakuonyesha. Yule mama hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Walevi, wapendwa, hawakucheka. Yule mwenye glasi aliishusha akaiweka chini taratibu. Mama muuza gongo akampokea samaki kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Ahsante, baba." Na mzee akainamisha kichwa akaipokea ile ahsante kama mtu anayepokea kofi.

Sasa ngojeni, msianze kumshangilia. Na mwache kugeuza shingo, yuko humu, na nilimwomba ruhusa. Alisema niseme ila nisitaje jina. Sijalitaja. Mliomjua mmemjua wenyewe.

Nawauliza swali. Kwa nini mtu wetu aliungama kwa walevi? Kwa nini hakuja hapa, mahali penye mimbari na madirisha ya vioo? Kwa sababu hapa angetukuta sisi. Angenikuta mimi. Na mimi ningemwambia nini? Ningempa pole, na kabla jua halijazama kijiji kizima kingekuwa kinajua.

Wengine mtasema, bibi, kosa ni lipi, maskini amepewa samaki wadogo, si heri wadogo kuliko hewa? Maskini anakula mdogo, hana neno. Kosa letu ni kwamba tulimtwika kosa letu kichwani, tukamfunga mdomo kwa jina la Mungu, kisha tukamtaka ashukuru. Na hatufanyi kwa samaki tu. Kiwanja chenye kesi unakitoa kwa kanisa, ili kesi iwe ya mchungaji. Mahindi uliyoyatia dawa ya wadudu ukaogopa kumpikia mwanao unampelekea mgonjwa, na unabisha hodi kwa sauti majirani wasikie. Chetu kizuri tunasema ni changu. Chetu kibaya tunasema ni cha Bwana.

Na wale samaki wenyewe je? Walipokuwa kapuni tulisema ni wa Mungu. Mbona walipokuwa majini hatukusema? Walikuwa wa Mungu zaidi walipokuwa wanaogelea. Mungu alikuwa anawalea wafike mstari, wafike kwa mtoto ambaye mama yake bado hajaolewa, na sisi tukamnyang'anya mkononi, kisha tukamrudishia wamekufa na kuimba pambio. Enyi wenye nyavu kwenye matete, mimi najua nyuzi zimefungwa wapi. Sitamwambia mtu. Nawaomba tu mkazitoe wenyewe, mchana, mkitembea barabara ya mbele.

Na kitoweo kirudi juu. Kama huna cha juu siku hiyo, mwambie mtu, "Mama, leo sina," na yeye atakujibu, "Haya baba, kesho." Tumeishi hivyo miaka mingi kabla ya hili kapu, na hakuna mjane aliyepelekwa rumande kwa kuambiwa sina.

Mimi kwa yule mama bado sijamaliza. Nimekwenda mara tatu kumenya muhogo. Jana aliniuliza hali ya mguu wangu. Ni hapo tu tulipofika.

Sasa mchungaji ataita sadaka. Kabla hujainuka, tazama ulichoshika. Akisimama askari pale mlangoni akauliza hiki ni cha nani, utasema "changu" mpaka wasikie waliokaa nyuma? Ukiweza, kilete. Usipoweza, kaa nacho, watu watakuona umekaa na hutakufa. Mimi leo nimekuja na mayai sita. Kuku aliyeyataga si wangu. Huja uani kwangu kila asubuhi, anataga nyuma ya gunia la mkaa, na mwenyewe ananiuliza kama nimeyaona mayai yake nami namwambia labda yameliwa na kicheche. Kwa hiyo mtakapoanza kuimba na kwenda mbele, mimi nakaa. Jirani, ibada ikiisha nisubiri mlangoni.